Shukrani huinua moyo, ila si ile ya kuamrishwa

Sisi Waswahili tunaoishi katikati ya jiji la Johannesburg huambiwa tushukuru karibu kila siku. Ndugu wa nyumbani akipiga simu na kusikia kodi ya chumba imepanda, jibu lake linajulikana: "Mshukuru Mungu, wewe uko Bondeni." Mwenye nyumba naye anataka tushukuru, na karani wa vibali vilevile.

Shukrani ya namna hiyo haijamwinua mtu moyo. Hiyo ni kufuli ya mdomo.

Hata hivyo tusilitupe neno zuri kwa kuwa wengine wanalitumia vibaya. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika kidogo kila wiki kwa wiki 10. Kundi moja liliandika mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, la pili maudhi, la tatu matukio tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi, na wakaingoja wiki inayofuata kwa matumaini zaidi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa faida hiyo ipo lakini si kubwa. Mwenye sonona asipewe daftari badala ya tabibu.

Kwa mazingira yetu jambo hili lina maana. Anayetembea kutoka Park Station hadi Small Street hushika simu kwa nguvu, macho yakimtafuta kibaka, na polisi pia. Tahadhari hiyo inatulinda, lakini tukiingia nayo chumbani usiku, usingizi unakimbia. Kuandika shukrani hurudisha akili kwenye siku ileile ili iwaone na wengine waliokuwamo: mama wa Kizulu karibu na kituo cha daladala cha Noord aliyekutunzia mfuko, au Mkongo aliyekukopesha nauli bila kuuliza utalipa lini. Muhimu ni kumtaja mtu na alilotenda. Kusema "nashukuru kwa uzima" kila jioni, kwa maoni yetu, mwishowe huwa wimbo wa kasuku.

Wala kushukuru hakufuti madai. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, mtaa wa Marshalltown, liliungua na kuua watu wasiopungua 76, wakiwamo wahamiaji kutoka nchi zetu za Afrika. Jengo lilikuwa mali ya manispaa, na tume ya Jaji Sisi Khampepe iliilaumu manispaa katika ripoti ya mwaka 2024. Aliyenusurika ana haki ya kumshukuru jirani aliyemwamsha, na asubuhi hiyohiyo kumdai mwenye jengo. Anayemwambia ashukuru tu kwa pumzi, anamtetea nani?

Na nyumbani nako, jamani. Pesa ikifika, mara nyingi ujumbe wa ada ya shule hutangulia asante. Tunajua shida ni nyingi na hatuombi kupigiwa vigelegele. Lakini ukituandikia kwamba hela ile ilinunua mabati, na mvua ya juzi haikuingia ndani, tutaisoma meseji hiyo mara tatu kabla ya kulala.