Mgongo wa Muuguzi Si Winchi

Katika wodi nyingi za hospitali nchini Tanzania, mgonjwa asiyejiweza huhamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye machela kwa nguvu za mikono tu. Wauguzi wawili hushika shuka, ndugu wa mgonjwa huitwa kusaidia upande wa miguu, mmoja huhesabu hadi tatu, na mgonjwa hunyanyuliwa. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi katika zamu moja. Maumivu ya kiuno yanapoanza, mhudumu humeza dawa ya kutuliza maumivu, hujifunga kanga kiunoni na kuendelea na kazi. Kwa kuwa hakuna damu iliyomwagika wala sindano iliyomchoma, tukio hilo haliandikwi popote. Ni wakati wa kuachana na mazoea hayo.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukadiria uzito ambao mtu anaweza kunyanyua bila kujihatarisha. Kikomo chake ni kilo 23, tena katika mazingira bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, una mahali pazuri pa kushika na hautikisiki. Mgonjwa hana sifa hizo. Mwaka 2007, mtafiti wa taasisi hiyo, Thomas Waters, alipendekeza kikomo cha takriban kilo 16 kwa kazi ya kunyanyua wagonjwa. Mtu mzima mwenye kilo 70, hata uzito wake ukigawanywa sawasawa kwa wauguzi watatu, humwachia kila mmoja zaidi ya kilo 23.

Umbali huongeza madhara. Misuli inayoushikilia uti wa mgongo iko takriban sentimita 5 tu kutoka kwenye kiini cha pingili za kiuno. Muuguzi anapoinama juu ya kitanda cha chini na kushika kilo 15 zilizo sentimita 40 mbele ya kiuno chake, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 120, kabla ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili chake mwenyewe. Nguvu hiyo huzikandamiza gegedu zilizo baina ya pingili. Nyingi ya jeraha hizi hazitokani na tukio moja. Hujengeka polepole, zamu baada ya zamu.

Hatari hiyo haiishii wodini. Mkunga huinama kwa muda mrefu akisubiri mtoto. Daktari wa meno hupinda shingo upande mmoja siku nzima. Mpasuaji husimama kwa saa nyingi mikono ikiwa imeinuliwa. Mtaalamu wa maabara hubonyeza pipeti mamia ya mara kwa kidole gumba kilekile, na msafishaji hubeba ndoo za maji ngazi kwa ngazi.

Jibu lililozoeleka ni semina ya namna ya kunyanyua: piga magoti, nyoosha mgongo, sogeza mzigo karibu. Mafunzo hayo ni mema, lakini mapitio ya tafiti, yakiwemo yale ya mtandao wa Cochrane, hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mafunzo pekee huzuia maumivu ya mgongo kazini. Sababu yake haifichiki. Muuguzi aliye peke yake usiku, mbele ya kitanda kisichopanda wala kushuka, hana nafasi ya kutumia alichofundishwa. Kumpa semina bila kumpa vifaa ni kumbebesha lawama juu ya mzigo.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Kanuni zake za mwaka 1992 kuhusu kubeba mizigo kwa mikono humtaka mwajiri kwanza aondoe ulazima wa kunyanyua kila inapowezekana; pale isipowezekana, apime hatari na kuipunguza. Mpangilio huo unafaa kuigwa: kwanza kifaa, kisha idadi ya watu, kisha mafunzo.

Wapo watakaosema kwamba hospitali zisizo na dawa za kutosha haziwezi kununua mashine za kunyanyulia wagonjwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini si vifaa vyote vilivyo ghali. Shuka la kitambaa chenye kuteleza na ubao laini wa kuhamishia hubadili kunyanyua kuwa kutelezesha. Magurudumu ya machela yakitiwa mafuta, nguvu ya kusukuma hupungua. Vitanda navyo hununuliwa kila mara vya zamani vinapochakaa. Kinachotakiwa ni zabuni kutamka kwamba viwe vya kupanda na kushuka. Gharama ya kutofanya hivyo ipo pia, ingawa haionekani katika bajeti: muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 20 anayeomba kuhamishiwa masijala kwa sababu ya kiuno haponyeki pengo lake kwa urahisi.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humpa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kuwafidia wanaoumia au kuugua kutokana na kazi. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, huyataja maradhi ya misuli na viungo. Hata hivyo, haki isiyo na kumbukumbu ni vigumu kudaiwa. Kila hospitali iyaandike maumivu ya mgongo, shingo na mabega katika daftari lilelile la ajali za sindano, na kamati ya usalama ilisome kila mwezi ili ijulikane ni wodi ipi inayoumiza watu.

Vyuo vya tiba vina sehemu yao. Mwanafunzi anayeingia wodini hujifunza kwa kutazama. Akiona wakubwa wake wakinyanyua kwa mikono na kunyamazia maumivu, atafanya vivyo hivyo. Afundishwe kutumia shuka la kutelezesha kama anavyofundishwa kunawa mikono, na apimwe katika mtihani wa vitendo. Mgonjwa naye atanufaika, kwa kuwa anayeshikwa na mikono iliyochoka ndiye wa kwanza kuanguka.