Daktari, mshike mgonjwa kwanza
Mtu kateguka kifundo cha mguu, anaingia kwa daktari akichechemea, na kabla hajavua kiatu tayari kaandikiwa eksirei. Hii ni kuwatoza wagonjwa bure. Mwaka 1992 watafiti wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni rahisi: bonyeza kwa vidole ukingo wa nyuma wa mfupa, sentimita 6 za chini hadi ncha ya kifundo, ndani na nje, kisha mwambie apige hatua 4. Mfupa hauumi ukibonyezwa, na mgonjwa huyo, kama ni mtu mzima, anatembea? Picha ya nini, basi! Zahanati zisizo na mashine ndizo zinazouhitaji zaidi ujuzi huu. Na viatu vivuliwe vyote viwili, mguu ulioumia ulinganishwe na mwenzake.