Kikulacho kiwanda cha mafuta ki ndani ya uzio

MTU anayepita kando ya kiwanda cha kusafisha mafuta kwa mara ya kwanza huona uzio mrefu, taa zisizozimwa usiku kucha na mlinzi mwenye silaha langoni. Huondoka akiamini kwamba mahali pale ni salama, kwa kuwa hakuna mgeni awezaye kuingia bila kuulizwa.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Historia ya viwanda hivi wakati wa amani inaonyesha kwamba misiba mikubwa haikuletwa na mtu aliyeruka uzio. Ililetwa na kipimo kilichosema uongo, bomba lililoliwa na kutu na mfanyakazi aliyechoka.

Hapana budi kukiri kwanza kwamba ulinzi si jambo la kupuuzwa. Februari 24, 2006, magari yaliyosheheni mabomu yalijaribu kuingia katika kituo cha Abqaiq, mashariki mwa Saudi Arabia, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote duniani katika kuchakata mafuta ghafi kabla hayajasafirishwa. Walinzi waliwafyatulia risasi washambuliaji, magari yakalipuka kabla ya kuifikia mitambo, na mafuta yakaendelea kutiririka. Walinzi wawili walilipa kwa maisha yao.

Miaka 13 baadaye kituo hicho hicho kilishambuliwa tena, safari hii kutoka angani. Septemba 14, 2019, ndege zisizo na rubani na makombora yalipiga Abqaiq na eneo la visima la Khurais. Uzalishaji wa mapipa milioni 5.7 kwa siku ulisimama, sawa na takriban nusu ya mafuta yote ya nchi hiyo. Wahouthi wa Yemen walidai kuhusika, huku Marekani na Saudi Arabia zikiitupia lawama Iran, ambayo ilikana. Tangu mwaka 2024, Ukraine nayo imekuwa ikivilenga viwanda vya kusafisha mafuta vya Urusi kwa silaha za aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo serikali na makampuni yana sababu ya kutumia fedha nyingi kwa ajili ya walinzi, kamera na mitambo ya kutungua ndege. Swali la kujiuliza ni kama fedha na umakini huo huo hufika kwenye valvu, vipimo na mabomba, ambako hakuna mgeni rasmi anayekwenda kupigwa picha.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni ule wa Texas City, nchini Marekani. Machi 23, 2005, katika kiwanda kilichomilikiwa wakati huo na kampuni ya BP, wafanyakazi walikuwa wakiwasha upya sehemu moja ya mitambo iliyokuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Kazi ilikuwa kujaza kimiminika chenye asili ya petroli katika mnara wenye urefu wa mita 52 hivi.

Kipimo cha mnara huo kilitengenezwa kusoma kina cha chini ya mita tatu tu. Kimiminika kilipopita hapo, kipimo hakikusema kwamba kimeshindwa. Kiliendelea kutoa tarakimu, tena kikionyesha kwamba kina kinashuka, ilhali mnara ulikuwa ukijaa. King'ora cha pili, kilichowekwa kwa ajili ya hatari ya namna hiyo, hakikulia.

Mnara ulifurika. Kimiminika kilipita katika valvu za kupunguza shinikizo, kikaingia katika chombo cha zamani ambacho bomba lake la juu lilikuwa wazi kwa hewa, kikaruka kama chemchemi. Mvuke wake ulitanda ardhini na, kwa mujibu wa wachunguzi, inaelekea uliwashwa na injini ya gari dogo la dizeli lililokuwa likiunguruma karibu. Watu 15 walikufa na 180 walijeruhiwa.

Wote 15 walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, na wote walikuwa ndani au karibu na ofisi za muda za kuhamishika. Ofisi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa mita 37 tu kutoka kwenye chombo kile. Ofisi hizo hazikuwa na ulazima wowote wa kuwa pale. Ziliwekwa kwa sababu palikuwa na nafasi, na kwa sababu hakuna aliyeona uzito wa kuzikataza.

Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali, katika ripoti yake ya mwaka 2007, haikuishia kwa mtu aliyekuwa zamu siku hiyo. Ilibaini kwamba baadhi ya waendesha mitambo walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo au zaidi. Ilibaini pia kwamba gharama zilikuwa zimepunguzwa kwa miaka kadhaa, na kwamba nafasi za kukiondoa chombo kile cha kizamani na kuweka mnara wa kuchomea gesi zilikuja zikaachwa zipite.

Jopo jingine, lililoongozwa na waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, James Baker, lilitoa onyo ambalo kila mwenye kiwanda angepaswa kulibandika ukutani. Lilisema kampuni ilitazama sana takwimu za majeraha ya mfanyakazi mmoja mmoja, ikadhani kwamba zikipungua basi kiwanda chote ni salama. Kuteleza kwa mtu ngazini na kufurika kwa mnara ni mambo mawili tofauti. La kwanza likipungua, halisemi lolote kuhusu la pili.

Msomaji anaweza kudhani kwamba somo hilo lilieleweka. Juni 21, 2019, kiwanda cha Philadelphia, katika nchi hiyo hiyo, kilishika moto alfajiri. Chanzo kilikuwa kiwiko kimoja cha bomba kilichowekwa miaka ya 1970. Chuma chake kilikuwa na nikeli na shaba nyingi kuliko inavyofaa, hivyo kililiwa haraka kuliko mabomba ya jirani, hadi ukuta wake ukabaki mwembamba wa theluthi moja ya milimita. Mabomba ya jirani yalikuwa yakipimwa. Kiwiko hicho hakikuwa kikipimwa.

Kipande cha chombo chenye uzito wa tani 17 kilirushwa hadi ng'ambo ya mto. Hakuna aliyekufa, na kwa sehemu kubwa hilo ni kwa sababu mwendesha mitambo aliyekuwa zamu aliihamishia tindikali hatari iliyokuwa mtamboni katika tangi la dharura mara tu baada ya moto kuanza. Pampu za maji zilizopaswa kuwashwa kutoka mbali ziligoma; ikabidi mfanyakazi aingie katika eneo la moto kuziwasha kwa mkono. Kiwanda hicho kilifungwa na kampuni ikafilisika.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo lisilozungumzwa sana: ulinzi na kinga ya moto, ingawa hutajwa pamoja kama ndugu, wakati mwingine hugombana. Mlinzi hutaka milango michache na kufuli nyingi, lakini mtu anayeukimbia moto hutaka milango mingi isiyofungwa. Mlinzi hutaka ramani ya matangi iwe siri, lakini ofisa wa zimamoto hutaka aijue kwa moyo kabla king'ora hakijalia. Jirani naye ana haki ya kujua nini kiko nyuma ya ukuta anaoutazama kila asubuhi.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mamlaka za Marekani ziliondoa katika mtandao taarifa za mipango ya hatari za viwanda, zikihofia kuwapa magaidi ramani. Hofu hiyo ilieleweka. Lakini siri hiyo hiyo huweza kumficha mwenye kiwanda mzembe, kwani neno 'usalama' likitamkwa, maswali hukoma.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mambo haya hayako mbali kama ramani inavyoonyesha. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kile cha TIPER, Kigamboni, kilikuwa kimeacha kazi hiyo miaka mingi kabla yake. Vyote viwili vimebaki kuwa maghala ya mafuta, na wapo wanaodhani kwamba ghala lina hatari ndogo kuliko kiwanda kwa sababu halina moto wala minara.

Buncefield, kaskazini mwa London, inakanusha dhana hiyo. Desemba 11, 2005, miezi michache tu baada ya Texas City, tangi la petroli lilikuwa likijazwa usiku huku kipimo chake kikiwa kimekwama. Swichi ya dharura haikufanya kazi. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika, wingu la mvuke likalipuka, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 40 walijeruhiwa lakini hakuna aliyekufa, kwa sababu ilikuwa Jumapili alfajiri na ofisi za jirani zilikuwa tupu. Uingereza iliokolewa na kalenda.

Nairobi haikupata bahati hiyo. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka katika miundombinu ya bomba la mafuta eneo la viwanda, ikaingia katika mtaro wa maji ya mvua na kufika mtaa wa Sinai. Watu walitoka na ndoo kuichota. Moto ulipowaka, takriban watu 100 walipoteza maisha. Uzio haukuwasaidia, kwa maana mafuta hayakuibwa na mtu. Yalitoka yenyewe na kuwafuata walipoishi.

Sasa Uganda inajiandaa kwa kiwanda chake huko Kabaale, wilayani Hoima, kitakachoweza kusafisha mapipa 60,000 kwa siku. Machi 2025 ilitia saini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM Investments ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Kutoka huko huko ndiko linakoanzia bomba la kilomita 1,443 la kuleta mafuta ghafi hadi Chongoleani, Tanga.

Huu ndio wakati wa kuuliza, kabla saruji haijakauka. Makazi na ofisi zitakuwa umbali gani kutoka kwenye mitambo na matangi? Je, kila tangi litakuwa na king'ora kinachojitegemea, kisichotegemea kipimo kile kile kinachoweza kukwama, na nani atakijaribu na kila baada ya muda gani? Zamu zitakuwa na ukomo? Zimamoto wa miji ya jirani watakuwa na povu la kutosha, ikizingatiwa kwamba petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka?

Zaidi ya yote, je, kutakuwa na chombo huru cha kuchunguza ajali na kuchapisha ripoti nzima, yenye majina ya mitambo na tarehe za matengenezo yaliyoahirishwa? Tunayajua ya Texas City na Philadelphia kwa undani si kwa sababu makampuni yalipenda tuyajue, bali kwa sababu kuna bodi ambayo kazi yake ni kuyasema. Bodi hiyo haina hata uwezo wa kumtoza mtu faini, lakini ripoti zake husomwa na wahandisi duniani kote.

Walinzi waendelee kusimama langoni, kwani wa Abqaiq walithibitisha thamani yao kwa damu. Lakini anayekagua kiwanda asiishie langoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya mafuta mambo ni mabaya zaidi ya hapo: ukuta unaweza kuwa umekwisha kujengwa, mrefu na imara, na ufa ukabaki ndani yake.