Mbwa Akibadilishiwa Chakula

Mwezi huu tuongee juu ya mbwa wanaotulindia usiku.

Wengi wetu tulizoea kumpa mbwa makombo ya ugali, basi. Tukifika hapa Masese, karibu na ziwa, tunakuta mukene (dagaa) na mgongo wazi wa sangara, tunamjazia sahani siku moja. Sisi tulifanya hivyo na mbwa wetu wa pale darasani. Usiku huo huo akaanza kuhara na kutapika, watoto wakasema amerogwa. Hakurogwa. Tumbo la mbwa huzoea chakula polepole. Kikibadilika ghafla, sana sana kikiwa na mafuta mengi, linakataa.

Siku hizi tunachanganya: siku mbili za kwanza chakula kipya kiwe robo, halafu nusu, halafu robo tatu, mpaka wiki iishe. Na mukene tunapepeta mchanga kwanza.

Akishaanza kuhara, mbwa mkubwa apumzishwe chakula siku moja, lakini maji asinyimwe kabisa. Kisha wali laini kidogo kidogo, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwake. Mtoto wa mbwa asifungishwe! Akihara damu au akilegea, msingoje, atafutwe daktari wa mifugo. Yaweza kuwa ugonjwa wa parvo, nao huua kwa siku chache tu.

Kinyesi kifukiwe mbali, na watoto mnawe mikono kwa sabuni. Wetu alipona siku ya nne. Ugali wake bado anaudai.