Koli ya Noeli imefika Januari: nani analipa?

Mwenzetu mmoja wa mine aliagiza viatu na nguo za watoto kutoka Dubai, kwa ndege, vifike mbele ya Noeli. Vilifika Januari, watoto wamekwisha kurudi masomoni. Kwa gishe wakamwambia: « Ilikuwa sikukuu, ndege zilijaa. » Akatia sahihi, akaenda.

Pale njo tunapotezaga haki. Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kongo yetu iko ndani, unasema msafirishaji wa ndege analipa hasara iliyoletwa na kuchelewa, isipokuwa aonyeshe kwamba alifanya yote yaliyowezekana. (Koli ya posta ina sheria yake.) Na Noeli haikumshtua mtu, kila mwaka ni tarehe 25!

Lakini malalamiko yawe ya maandishi, ndani ya siku 21 tangu koli iwekwe mbele yako. Kufoka kwa gishe si kitu. Ni kama saa za ziada: bila karatasi, bosi anasemaga haukuzifanya. Weka namba ya LTA, tarehe uliyoahidiwa, risi ya viatu ulivyonunua hapa kwa haraka.

Makuta si mengi. Tangu mwisho wa 2024 kipimo ni DTS 26 kwa kilo, hesabu ya FMI: koli ya kilo 3 haipiti sana dola 100, tena kwa hasara yenye ushahidi. Mwenye kitu cha bei kali aitangaze bei wakati wa kutuma, alipe nyongeza.

Mwenzetu angali na siku 9. Leo, kisha kazi, tunaandika naye barua.