Nadharia Si Dhana Tupu: Mageuko ya Viumbe, Milima ya Taita na Sisi Wanakiswahili

Katika mazungumzo yetu chuoni, neno "nadharia" limetwikwa mizigo miwili isiyolingana. Mhakiki wa fasihi hulitumia kwa maana ya mwongozo anaouchagua: leo ataisoma riwaya kwa jicho la umuundo, kesho kwa jicho la ufeministi, na hapana atakayemwambia kwamba jicho moja limelipofusha jingine. Mwanasayansi hulitumia kwa maana ya maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi, yakatafutiwa kila namna ya kuangushwa, yakasimama. Kwa sababu ya mkanganyiko huo, kila yanapotajwa mageuko ya viumbe katika mijadala yetu, hakosi mtu wa kusema, "Ah, hiyo ni nadharia tu." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ndiye wa mwisho kustahili kusema hivyo.

Lawama si yake peke yake. Mtaala wa historia wa kidato cha kwanza, katika mfumo wa 8-4-4, uliorodhesha nadharia tatu za asili ya binadamu: uumbaji, masimulizi ya jadi na mageuko. Mtahiniwa alizitaja zote tatu, akapewa alama zake, akaenda zake. Nasi hutendewa vivyo hivyo katika somo la chimbuko la Kiswahili. Huambiwa kuna wanaodai kuwa lugha hii ni Kiarabu, wanaodai kuwa ni krioli na wanaodai kuwa ni Kibantu. Madai yote yamepangwa sawasawa mfano wa sahani mezani, ilhali tunajua fika kwamba ngeli, vitenzi na msamiati wa msingi wa Kiswahili vilikwishaamua kesi hiyo zamani. Wala lugha yetu haikupungukiwa na istilahi. Wazo linalongoja kupimwa tunaliita "nadharia tete". Mageuko yaliivuka hatua hiyo kitambo.

Kwa wale wanaodhani kwamba ushahidi wa mageuko umefukiwa Turkana pekee, alikogundua Kamoya Kimeu mabaki ya yule mvulana wa Nariokotome mwaka 1984, ningewaalika Voi. Kusini mwa mji unasimama mlima Sagalla. Kaskazini magharibi, ng'ambo ya bonde inamopita barabara ya Mwatate na Taveta, iko milima ya Taita yenyewe, kwao Wadawida. Juu kuna ukungu na udongo wenye unyevu. Chini ni nyika kavu.

Katika udongo wa milima hiyo huishi amfibia wasio na miguu, ambao mkulima akiwafukua kwa jembe aweza kuwadhania nyungunyungu. Si nyungunyungu. Wana uti wa mgongo, taya na meno, na ni jamaa ya vyura. Yule wa milima ya Taita, mweusi wa kuelekea samawati, alipewa jina la kisayansi Boulengerula taitana mwaka 1935. Mwaka 2005 watafiti, akiwemo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walimtangaza wa Sagalla, mwenye rangi ya hudhurungi, kuwa spishi nyingine: Boulengerula niedeni. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani.

Kwa nini milima miwili inayotazamana iwe na viumbe wawili tofauti? Ngozi ya wanyama hawa hudai unyevu, na nyika ya Voi kwao ni kama bahari isiyo na chombo. Waliotenganishwa hawakuzaliana tena, na mabadiliko madogo ya kila upande yakalimbikizana kizazi baada ya kizazi. Jamaa zao wengine wako Usambara na Uluguru, na mmoja amepewa jina la Changamwe, pale Mombasa. Amfibia wasio na miguu wako pia India na Amerika ya Kusini, lakini wa Sagalla anafanana zaidi na jirani zake. Ukoo hueleza jambo hilo vizuri. Anayeukana ukoo inambidi aseme ni bahati nasibu, mlima baada ya mlima.

La ajabu zaidi lilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2006. Mama wa spishi ya Taita, mayai yake yanapoanguliwa, ngozi yake ya juu huwa imenenepa na kujaa mafuta, na watoto huibambua na kuila kwa meno maalumu. Yaani mama huvuliwa ngozi na wanawe, naye yu hai! Lakini tusiishie kwenye kustaajabu. Meno hayo yanafanana na ya vijusi wa spishi nyingine za jamii hiyo, zile zinazozaa badala ya kutaga, ambao hukwangua chakula ndani ya mwili wa mama. Watafiti waliona hapo hatua ya kati: meno yaliyokuwa yakila ngozi ya nje yangeweza, katika ukoo mwingine, kuanza kazi ndani kabla ya mtoto kuzaliwa.

Sasa tujitazame sisi. Mwanafunzi akikutana na mato, kitwa, teka na mtele katika tungo za kale za pwani, hahitaji kuapishiwa kwamba ni macho, kichwa, cheka na mchele. Huona mlingano wa t na ch, akakata shauri kwamba lahaja hizi zina asili moja. Mkamba husema mundu, Mganda omuntu, Mzulu umuntu, Mswahili mtu, nasi twasema wote walirithi shina moja kutoka Mame-Bantu. Nani aliyemsikia mzungumzaji wa Mame-Bantu? Hakuna kinasa sauti wala hati. Hata ji- ya jicho na jino, iliyotoweka katika tunda na shoka, twaiita mabaki ya kiambishi cha kale, na hatuoni haya. Mwanabiolojia akituonyesha mifupa ya nyonga iliyobaki ndani ya nyangumi, kiumbe asiye na miguu ya nyuma, ndipo twadai shahidi wa macho.

Nakiri ulinganisho huu una mpaka. Lugha huazimana: Kisagalla kimeathiriwa sana na lugha za Wamijikenda, ilhali amfibia wa Sagalla hana wa kumwazima chochote. Ndiyo kusema ukoo wa wanyama hawa wafuatilika kwa wepesi kuliko wa lugha zetu.

Kuna wanaochelea imani zao. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa nchini walipinga namna makumbusho yetu yalivyokusudia kuonyesha mabaki ya binadamu wa kale. Lakini Papa Yohane Paulo wa Pili alikwishatamka mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya nadharia tete. Isitoshe, tusichanganye maswali. Uhai wenyewe ulianzaje? Hapo ndipo nadharia tete zilipo tele. Stanley Miller alipata asidi amino katika chupa za maabara mwaka 1953, lakini asidi amino si kiumbe hai. Kutojua mwanzo wa uhai hakufuti tunayoyajua kuhusu nasaba yake, kama vile kutojua binadamu alianzaje kusema hakukifuti Kibantu.

Tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI. Kinachopungua ni nathari: insha, tafsiri na tasnifu zinazoyatumia maneno hayo hadi yazoeleke. Wahadhiri wetu wangeweza kuanza kwa kukubali mada za aina hii katika shahada ya uzamili. Haja ni kubwa, kwani kiumbe wa Sagalla huishi katika mashamba ya watu, na mikaratusi inayopandwa huko huufyonza unyevu anaoutegemea. Makala yaliyomtambulisha kwa ulimwengu yaliandikwa kwa Kiingereza. Anayeshika jembe pale mlimani huzungumza Kisagalla na Kiswahili.