Intaneti ikikatika, nani anazima redio?

Makala yako ya kuendesha redio iliyo mbali kupitia intaneti, ndugu mwandishi, imeruka swali ambalo sisi wa redio za ridhaa tunaanza nalo: intaneti ikikatika transmita ikiwa hewani, nani anaizima? Wewe uko Mwanza na kompyuta yako, redio iko Lushoto inaendelea kurusha wati 100 mpaka kitu kiungue. Kwa hiyo kipima muda kinafungwa kulekule iliko redio. Kisiposikia ishara ya mwendeshaji kwa sekunde chache, kinakata urushaji. Juu yake weka relei ya kuzima umeme kwa njia nyingine, mathalani laini ya simu, maana ile intaneti ndiyo imeshakufa.

Wanaosema kuendesha redio kwa mbali ni udanganyifu siwaelewi. Kwenye DXCC, tuzo ya kuwasiliana na nchi nyingi inayotolewa na ARRL, chama cha redio za ridhaa cha Marekani, kinachohesabiwa ni mahali transmita ilipo. Ukikaa Muscat ukaendesha redio iliyoko Tanzania, aliyekupata kapata Tanzania. Na mpangaji wa ghorofani, asiyeruhusiwa hata waya dirishani, aliyezungukwa na kelele za chaja za bei poa, afanyeje?

Sauti ikichelewa robo sekunde, kwenye mazungumzo utazoea. Kwa Morse, sikiliza mlio unaotengenezwa na kifaa kilicho mezani kwako. Ukingoja urudi kutoka kwenye redio, vidole vitapotea.

Asiye na leseni aanze na WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Ni redio ya kusikiliza tu, kupitia intaneti. Ajaribu bendi ya mita 40, jioni.